Kinachochomoka Kitachomolewa

Wacha niseme bila haya: nilikipenda kile kidude kabla hata sijakigusa. Kilikuwa mezani kwenye karakana yetu ya stima, juu ya gazeti la zamani, kimelala kando ya wenzake wawili, na muuzaji aliyekuja nacho kutoka Nairobi alikuwa bado anafuta jasho na kuuliza kama hapa kwetu kuna chai. Chai niliisahau. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi pale Sigalagala juzijuzi tu, msichana peke yangu katika karakana ya wanaume, na vitu nilivyovisoma kwenye karatasi zilizofifia sasa vilikuwa mbele yangu, vinang'aa. Haki ya Mungu, mikono ilikuwa inaniwasha.

Hii ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini, katika kiwanda kidogo cha sukari wilayani Kakamega. Jina lake niachieni mwenyewe. Shida yetu ilikuwa moja na kila mtu aliijua: radi. Aliyekulia Kakamega haelezwi radi ni nini. Mvua yetu huja alasiri, hutokea upande wa msitu, na kabla ya tone la kwanza mbingu hupiga kelele kwanza. Kati ya mizani ya kupimia trela za miwa, kule langoni, na ofisi ya hesabu, tulikuwa na waya mrefu wa shaba uliounganisha kompyuta mbili. Kila msimu wa mvua radi iliufuata huo waya na kuchoma kompyuta za pande zote mbili. Tukinunua nyingine, inachomwa. Mwishowe wakubwa wakakubali tung'oe shaba tulaze faiba, ule waya wa kioo ambao haubebi stima hata chembe, unabeba mwanga tu.

Sasa, mwanga hauji wenyewe. Kila mwisho wa kioo lazima kuwe na kitu cha kugeuza stima iwe mwanga, na cha kuupokea mwanga wa mwenzake kiugeuze uwe stima tena. Mafundi hukiita transiva. Mimi nilikiita jicho, kwa sababu kinaona na kinaonekana. Swali lililokuwa mezani siku hiyo ni jicho la umbo gani tununue, na umbo hapa si urembo, usidanganyike.

Umbo la kwanza lilikuwa sanduku zima la chuma, jicho limechomelewa ndani kabisa. Hakuna cha kufungua, hakuna cha kuchezea. La pili lilikuwa kitu kama sabuni ya kipande, kinachoning'inia nyuma ya kompyuta kwa mkia wake mfupi wa waya. Hilo tulilikataa hata kabla ya chai kuja, maana trekta zikipita mizani nyumba yote hutikisika na kitu cha kuning'inia kingeanguka kufikia Jumanne. La tatu ndilo lililonitoa roho. Lilikuwa sanduku lenye tundu tupu mbele, na kando yake kidude cha chuma, kirefu kidogo kuliko kiberiti. Unakishika kwa vidole viwili, unakisukuma tunduni, kinalia kwa! na kimeshika. Unakibana ubavuni, kinatoka. Na wala huzimi stima! Muuzaji alikiita jibiki. Alikisukuma, akakichomoa, akakisukuma tena, na taa ya kijani ikawaka kila mara kana kwamba hakuna lililotokea.

"Tena hiki ni cha mbio mpya," alisema. "Kitabeba kila kitu mlichoandika tangu kiwanda kijengwe kabla hujamaliza kupiga chafya."

Mkubwa wangu, fundi mkuu wa stima, mzee wa makamo mwenye kovu la kuungua kwenye kila kidole, alicheka mpaka akakohoa. "Mizani inatuma tarakimu tano kwa kila trela," alisema. "Tarakimu tano! Huyu anataka nipande ndege niende kisimani."

"Mzee, si mbio," nilimrukia. Mimi nikipenda kitu mdomo haungoji ruhusa. "Angalia umbo. Kwenye haya masanduku kinachokufa mara nyingi ni jicho. Likifa kwenye lile sanduku la kwanza, unabeba sanduku zima mpaka Nairobi na mizani inalala. Likifa kwenye hili, natoa jicho bovu, natia jicho zima, trela inayofuata inapanda. Na kesho ukitaka kuunganisha maabara, stoo, ofisi ya wakulima, sanduku ni lile lile, unaongeza macho."

Alikuwa mtu mzuri, mzee yule, lakini alikuwa ameona mengi ya nchi hii yakiharibika. Akachukua jibiki, akaichomoa, akaisukuma, akaichomoa.

"Binti," alisema, "kitu kinachochomoka, hapa Kakamega, kitachomolewa. Wewe hujui watu wako? Wingu likinuna tu, kila mtu anachomoa. Redio wanachomoa, televisheni wanachomoa, hata pasi ambayo haikuwa imechomekwa wanaitafuta waichomoe. Nipe sanduku lisilo na pa kushika, nilale usingizi."

Nilisema watu hufundishwa. Alisema haya, tutaona. Nikasema yeye mwenyewe alinifundisha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wetu ni kungoja vipuri kutoka Nairobi. Hapo akairudisha jibiki juu ya gazeti, na muuzaji akatumia nafasi hiyo kumwagia sukari chai yake mara ya tatu.

"Basi chagua wewe," mzee alisema mwishowe. "Lakini wewe ndiye utakayesimama mbele ya wakulima uwaambie itafanya kazi. Mimi wamenizomea vya kutosha."

Nilichagua palepale. Jibiki mbili za kutumia, moja ya akiba. Usiku ule mama alinipakulia obusuma, ugali wa kwetu, na mboga, nikala nikiongea, nikaongea mpaka akaniuliza kama hicho kidude kinaoa.

Lazima nieleze kwa nini wakulima walikuwa wakizomea. Zamani uzito wa miwa uliandikwa kwa mkono, na kila mkulima aliamini kalamu ya kiwanda ina njaa. Walilalamika miaka, na wakapewa kompyuta: kuanzia hapo mizani haipimi trela mpaka kompyuta ya ofisini ikubali. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini radi nayo ikapata nguvu juu yetu. Laini ikifa, lango linafungwa, na trela zinapanga foleni mpaka barabara ya Navakholo. Muwa uliokatwa haungoji mtu. Jua linaunyonya, unakauka, unapungua uzito, ukilala siku ya pili unaanza kuchacha. Mkulima amengoja miwa yake zaidi ya mwaka mmoja na nusu, halafu anakaa chini ya trela anaiangalia ikigeuka kuni.

Kijijini kwetu, upande wa Navakholo, mashamba hukatwa kwa pamoja. Majirani ambao miwa yao imepakana huwa kundi moja: wanakatiwa wiki moja, wanabebewa pamoja. Msimu ule kundi la mama lilikuwa limechoka. Kulikuwa na mtu wa kinu cha sukari guru aliyekuwa akipita shamba kwa shamba akiwaambia mizani yake ni ya kuning'iniza, haijui kompyuta wala radi. Wengi walitaka kwenda kwake. Na mama, aliyekuwa amechaguliwa na wenzake kuwasemea, ndiye aliyepaswa kutoa jibu.

Mkutano ulifanywa langoni, karibu na mizani, siku ya jua kali. Nilisimama juu ya kreti ya soda. Nilikuwa nimejiandaa na maneno makubwa ya chuo, nikayaona yote yanapeperuka nilipoona zile nyuso. Basi nikawauliza kama wanaikumbuka ng'ombe yetu.

"Ile nyeupe?" mzee mmoja alijibu. "Nani asiyeikumbuka!"

Ilikuwa imefungwa kwenye ua wa seng'enge, huku juu nyumbani. Radi ikapiga mti huko chini bondeni, ambapo ua unaanzia, na ng'ombe ikafa huku juu, haijaguswa na mti wala jani. Seng'enge ndiyo iliyoiletea radi. Niliwaambia: waya wetu wa shaba ni ile seng'enge. Tunautoa. Tunaweka kioo, na radi haipandi kioo. Mvua ikinyesha mtapimiwa, radi ikipiga mtapimiwa.

Mtu wa nyuma akasema, "Maneno matamu hayo. Msichana mwenyewe amezaliwa juzi."

Hapo mama akasimama. Mama yangu si mtu wa kusimama mikutanoni ovyo, na tangu ng'ombe ile ife, ngurumo ikisikika yeye huwa anakaa jikoni kwenye kigoda, miguu juu, hagusi hata sufuria. Wote walilijua hilo na walimtania nalo. Akafunga leso yake vizuri.

"Huyu ni wangu," alisema. "Nimemzaa mimi, na uwongo wake naujua ulivyo, maana nimeusikia tangu akiwa mtoto. Hapa hadanganyi. Miwa yangu inakuja hapa. Na nyinyi mkinifuata na mambo yaharibike, msimfuate yeye. Mje kwangu, mniambie nilichowafanyia, na mchague msemaji mwingine."

Wakamfuata. Mtu wa sukari guru aliondoka na baiskeli yake. Mimi nilishuka kwenye kreti polepole kuliko nilivyopanda, kwa sababu mpaka dakika hiyo nilikuwa nimeweka kazi yangu rehani, na sasa kulikuwa na kitu kikubwa zaidi juu ya ile mizani: jina la mama.

Tulilaza faiba wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mgumu mno. Vijana wa kuchimba walinicheka nilivyokuwa nawapigia kelele wasiukunje waya, wakaniita mama mkwe. Kukata kioo, kukisugua ncha, kukitia kwenye kichwa chake cha plastiki cha mraba, kukiangalia kwa darubini ndogo kama kina mkwaruzo! Kazi tamu hiyo. Ncha zile za kwanza niliziharibu, nikaanza tena, na mzee akawa anapita nyuma yangu akipiga mluzi wa nyimbo za kanisani bila kusema neno. Siku nilipochomeka jibiki ya mizani, na taa ya kijani ikawaka, na mtu wa ofisini akapiga simu ya kiwanda akasema naye yake imewaka, nilimkumbatia mtu wa kwanza niliyemwona. Alikuwa karani wa mizani.

Karani huyu alikuwa mama mnene, mcheshi, amekaa pale langoni tangu enzi za kalamu. Kazi yake aliipenda kama shamba lake. Nilimwonyesha kila kitu. Nilimwambia kompyuta isizimwe tena mvua ikija, maana kiwanda kinajichemshia stima yake kwa makapi ya miwa na tumeweka vizuizi vya radi vya kutosha. Halafu, jamani, raha ikanizidi. Nikaibonyeza jibiki ubavuni, nikaichomoa mbele yake stima ikiwaka, nikairudisha. Kwa! Kijani.

"Wacha!" alisema, akapiga makofi. "Kwani inachomokanga hivyo tu?"

"Hivyo tu, mama. Wakati wowote. Haidhuriki."

"Ai! Hawa watu wa kutengeneza wana akili."

Nilidhani anausifu ufundi. Nilirudi karakana nikiimba.

Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuja siku ya miwa ya kundi letu. Ingekuja siku nyingine gani? Trela zilikuwa zimeanza kupanda mizani tangu asubuhi, na mimi nilikuwa ofisini, upande wa pili wa laini, nikijifanya kukagua mambo ilhali nilikuwa nikitazama tarakimu za kijiji chetu zikiingia moja moja. Kila tarakimu nilitaka kuipigia kigelegele. Ilipofika alasiri, dirisha likaingia giza. Wingu lilikuwa limesimama juu ya msitu, jeusi, lina tumbo. Ngurumo ikasikika kwa mbali.

Taa ya kijani ikazimika.

Sikuamini. Niligusa sanduku, nikagusa kioo, nikaangalia jibiki ya upande wangu. Ilikuwa hai. Upande wa pili hapakuwa na mwanga. Lakini radi yenyewe haijapiga bado! Ni ngurumo tu! Kioo hakibebi, nilijiambia kwa sauti, kioo hakibebi, na mhasibu aliyekuwa kando akaniuliza naongea na nani. Nikafungua droo, nikachukua jibiki ya akiba kwenye mfuko wake, chupa ya spiriti, pamba na ile darubini ndogo, nikatoka mbio.

Matone ya kwanza yalikuwa yanaanguka, makubwa, yanapiga vumbi. Lango lilikuwa limefungwa. Kwenye foleni watu wa kijijini kwetu walikuwa wamesimama chini ya trela, wengine wamejifunika magunia, na waliponiona nikikimbia hawakunizomea. Afadhali wangenizomea. Waligeuza macho wakamtazama mama, aliyekuwa amesimama chini ya paa la stoo na leso kichwani, na mama akawa ananitazama mimi.

"Fundi," mzee yule wa ng'ombe nyeupe aliniita, kwa upole kabisa, "si ulisema kioo?"

"Nilisema, baba. Na bado nasema."

Nikaingia chumba cha mizani. Kompyuta inawaka. Sanduku linawaka. Na mbele ya sanduku, tundu tupu! Waya wa kioo umening'inia ukingoni mwa meza, na karani wangu ameketi kwenye kiti chake, mikono imefumbatwa kifuani, uso umetulia kama wa mtu aliyefanya wema.

"Mama, jibiki iko wapi?"

Akatia mkono kifuani, akatoa kitambaa cha mkono kilichokunjwa vizuri, akakifungua. Hiyo hapo, imelala salama.

"Nimekuwekea," alisema. "Nimesikia ngurumo tu, nikachomoa mara moja. Kompyuta sijazima, ulinikataza. Lakini hii uliniambia inachomoka wakati wowote. Nikasema kumbe hawa watu wanajua radi yetu, wametutengenezea cha kuchomoka!"

Nilitaka kulia, nikacheka. Nilimwona mzee wangu wa karakana akilini, anapiga mluzi wake. Mgala muue na haki yake mpe: alisema kitachomolewa, na kilichomolewa mvua ya kwanza kabisa. Nikaichukua jibiki kitambaani niirudishe, nikahisi kitu kinateleza vidoleni.

"Na hii ni nini?"

"Ni mafuta," alisema, sasa akionekana kuona aibu ya kusifiwa. "Yale ya kukamulia ng'ombe. Nimeipaka kidogo kwenye macho yake, isishike kutu. Sisi nyumbani betri ya televisheni huwa tunaipakanga hivyo, na haijawahi kutuangusha."

Mungu wangu! Na ni kweli. Hakuna nyumba kwetu yenye televisheni ya betri ya gari ambayo vichwa vya betri havipakwi mafuta ya kukamulia. Mama hupaka. Mimi mwenyewe nimepaka. Kwa betri ni dawa. Kwa jicho lenye tundu dogo kuliko punje ya wimbi, ambalo kazi yake ni kuona, ni sawa na kumpaka mtu ugali machoni. Nilijaribu pamba na spiriti. Mafuta yakasukumwa ndani zaidi. Nikaichomeka, nikaomba, taa ikakataa.

Basi hapo ndipo nilipojua kwamba nilichagua sawa. Sikungoja kushauriana na mtu. Lingekuwa lile sanduku la jicho la kuchomelewa, na mafuta yangeingia kwa njia yoyote ile, ningekuwa nimelibeba kichwani kama mtungi, nikitafuta gari la Nairobi, huku miwa ya kijiji kizima ikichacha mvuani. Nilipasua mfuko wa akiba kwa meno. Nikasafisha ncha ya kioo, mara moja, mara mbili, nikaikagua kwa ile darubini ndogo. Safi. Nikasukuma jibiki mpya.

Kwa!

Taa ya kijani ikawaka. Nilipiga ukelele, karani akapiga ukelele bila kujua kwa nini, na simu ya kiwanda ikalia: ofisini wanasema imerudi, kuna nini huko?

"Fungueni lango!" nilipaza sauti dirishani. "Trela ije!"

Ya kwanza kupanda ilikuwa ya mama. Trekta ilinguruma, chumba kikatikisika, sahani ya chuma ikashuka chini ya uzito wa miwa yetu. Mvua sasa ilikuwa inamwagika kweli. Mlango ukafunguka na mama akaingia, amelowa, na nyuma yake majirani wawili watatu waliotaka kujionea kwa macho. Hakunisalimu. Alikuja akasimama kando ya meza, kati ya karani na sanduku, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Kimeharibika?"

"Kilichomolewa, mama. Sasa kiko sawa. Kisiguswe tu."

"Hata ikipiga?"

"Hata ikipiga."

Haikungoja. Chumba kilijaa mwanga mweupe, na kishindo kikaja pamoja nao, hakikuchelewa hata kidogo. Madirisha yalilia. Mmoja wa majirani akalala kifudifudi sakafuni. Nilimwona karani akifanya kile ambacho mkono wake ulikuwa umekifanya maisha yake yote: ulinyooka wenyewe, moja kwa moja, kuelekea ile jibiki.

Haukufika. Mama alikuwa ameuweka mkono wake juu ya sanduku, kiganja wazi, kimefunika tundu na kidude na waya. Mama, ambaye ngurumo ikilia hagusi sufuria, alikuwa ameshika chuma.

"Usiguse," alimwambia karani. "Mtoto wangu amesema kisiguswe."

Tarakimu tano zikatokea kwenye kioo cha kompyuta. Ofisini wakakubali. Mashine ikachapa karatasi ya uzito wa miwa yetu, nikaikata, nikampa, na akaipokea kwa mkono wa kushoto, kwa sababu wa kulia haukuwa na nafasi. Trekta ikashuka, nyingine ikapanda. Radi ikapiga tena, na tena, na kila ilipopiga jirani yetu aliyekuwa sakafuni aliniuliza kama bado tuko hai, nami nikamjibu kwa kumsomea uzito. Nilikuwa na furaha ambayo sijui niielezeje, ya kutaka kurukaruka kama mtoto. Nilimwambia mama akae sasa, sanduku halihitaji kushikwa, aniachie mimi.

Alitikisa kichwa. Mkono wake hakuuondoa mpaka trela ya mwisho ya majirani zetu iliposhuka mizani.